"Mvuvi": Asili na Maana

Katika maandishi ya ofisi na ya shule hukutwa ufafanuzi kwamba mvuvi ni mtu "avuaye, yaani atoaye, samaki majini kwa chombo na nyavu". Tunaona kuwa ufafanuzi huu una kasoro mbili: ya asili na ya maana.

Kwanza, unachanganya vitenzi viwili. Vua ya nguo ni kinyume cha vaa. Vua ya samaki ni kitenzi kingine kabisa. Ushahidi umo katika neno lenyewe. Irabu -i ya mtendaji hubadili konsonanti inayoitangulia: gomba hutoa mgomvi, iba hutoa mwivi. Hapo b imegeuka v. Je, v ya pili katika mvuvi imetoka wapi, ilhali vua haina b? Jibu tunalipata kwa jirani. Kwa Kiganda kuvua samaki ni okuvuba, na mvuvi ni omuvubi. Kiswahili kiliidondosha b katika kitenzi, lakini alama yake ikabaki katika nomino.

Pili, hakuna katika mzizi huo chombo, wavu, wala jinsi ya mtu. Mwanamke ashukaye mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, akachokoa pweza kwa kijiti, huyo anavua. Basi ni mvuvi. Kinyume chake, mwenye chombo akaaye nyumbani akingoja fungu lake si mvuvi, ni mwenye chombo. Lugha imekwisha kuwatenga nahodha, baharia na mchuuzi; hakuna sababu ya kuwachanganya.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Daftari la wavuvi likiandikwa kwa ufafanuzi tulioutaja, mchokoa pweza hataandikwa. Na mwamba utakapojadiliwa kufungwa, hataitwa kikaoni. Miongozo ya hiari ya FAO ya mwaka 2014 kuhusu uvuvi mdogo inahesabu wanaume na wanawake, pamoja na kazi zitanguliazo na zifuatazo kuvua.

Kwa hiyo tunapendekeza: mvuvi awe mtu yeyote avuaye viumbe wa majini, kwa chombo au kwa miguu, naye akaushaye au auzaye samaki bila kuvua aitwe mfanyakazi wa uvuvi. Watafsiri wasiongeze katika neno sharti ambalo wasemaji wake hawakuliweka.