Jinsia ya Mhusika: Je, "A-" Ni Mwanamume?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tazama sentensi hii: "Kiumbe yule alijifungua, kisha akarudi kazini." Je, kiumbe huyu ni wa kike? Usikimbilie jibu. Katika The Left Hand of Darkness (1969), riwaya ya kisayansi ya Mmarekani Ursula K. Le Guin, wakazi wa sayari ya Gethen si wake wala si waume. Kwa siku chache tu kila mwezi, mwili wa kila mmoja huchukua jinsia mojawapo. Hivyo, mtu yuleyule aweza kuwa mama wa mtoto huyu na baba wa yule.

Le Guin alikwamishwa na lugha. Kiingereza kilimtaka achague kiwakilishi cha kike au cha kiume, naye akachagua cha kiume. Wahakiki walilalamika kwamba msomaji huwaona wanaume watupu. Mwaka wa 1976 alijitetea. Mwaka wa 1987 akakiri kuwa wahakiki walikuwa na haki.

Kiswahili hakina tatizo hilo. "Yeye" na kiambishi "a-" havibagui jinsia, sawa na ilivyo katika Kibukusu kinachozungumzwa huku Bungoma na Kitale. Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika Kiingereza akamwita mamake kwa kiwakilishi cha kiume, akachekwa bure.

Hata hivyo, tusijisifu mapema. Niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu: Sungura wa hurafa ni wa jinsia gani? Wengi walijibu kwamba ni mwanamume. Nilipowataka wanionyeshe neno linalothibitisha hayo, walinyamaza. Lugha haikusema, mazoea ndiyo yaliyosema.

Kosa hilohilo huwapotezea watahiniwa alama katika ushairi. Wakiulizwa nafsineni ni nani, huandika "mwanamume" kwa sababu anaonya, au "mwanamke" kwa sababu analia. Tafuta ushahidi: "mume wangu", au "nilipojifungua" (hapa duniani, si Gethen!). Usipoupata, andika "mzazi", "mpenzi" au "raia", uishie hapo.

Katama Mkangi alimpeleka Dzombo katika sayari nyingine katika Walenisi (1995). Nani kati yetu atatubunia kiumbe asiye mke wala mume? Sarufi imekwisha kumwandalia nafasi. Kilichobaki ni sisi wasomaji kumpokea alivyo.