Uhakiki wa Dhana ya "Usambazaji" wa Linux kwa Kompyuta ya Michezo: Mtazamo kutoka Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna uchaguzi wa usambazaji wa Linux kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya michezo unavyoelezwa, na namna istilahi za Kiswahili zinavyousaidia au kuukwamisha uchaguzi huo. Hoja kuu ni kwamba istilahi zilizopo zilizaliwa katika mazingira ya kazi za ofisi, hivyo zinapobebeshwa uamuzi wa mtu anayetaka kucheza, zinaficha mambo matatu ambayo mchaguzi anapaswa kuyaona kwanza: gharama ya kusasisha, mamlaka juu ya mfumo, na mpaka wa kile ambacho Linux inaweza kukifanya. Mazingira ya Karatu na Ngorongoro yanatumika kama kipimo cha hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa vichache. Kwa mwenye kompyuta ya mtumba, tarehe hiyo iliibua swali la kama mashine ingali na uhai. Ndiyo maana swali la usambazaji upi wa Linux unafaa kwa michezo, ambalo mahali pengine huchukuliwa kuwa suala la ladha, linastahili kushughulikiwa kwa uzito wa kitaaluma.

Karatu ni mji ulio kando ya barabara itokayo Arusha kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu kuelekea lango la Lodoare, ambalo ni mlango wa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Lugha za eneo hili zinatoka katika makundi yaliyo mbalimbali: Kiiraqw ni cha Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ni vya Kinilo, na Kihadza hakijathibitika kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote. Kwa wengi, Kiswahili ni lugha ya pili. Jambo hili lina uzito kiistilahi. Neno la kitaalamu ambalo mzawa wa pwani angeweza kulikisia kwa kutegemea mzizi wake, hapa halina budi kujieleza lenyewe.

2.0 Usuli: Kilinux na Mtumiaji Aliyekusudiwa

Historia ya Linux kwa Kiswahili haiwezi kuelezwa bila Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Mafanikio yake hayapaswi kubezwa. Mradi ulionesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu, maelekezo na ujumbe wa makosa, na kwamba programu huria inawapa wazungumzaji nafasi ya kuitafsiri wenyewe bila kusubiri hisani ya kampuni.

Hata hivyo, tafsiri yoyote humchora msomaji wake. Msomaji wa Jambo OpenOffice ni karani, mwalimu au mwanafunzi: anaandika barua, anapanga majedwali, anahifadhi faili, anachapisha. Huyu hachagui mfumo. Mfumo umekwisha kuchaguliwa na ofisi au shule. Kwa hiyo istilahi alizohitaji zilikuwa za kutenda ndani ya mfumo: fungua, nakili, bandika, hifadhi. Istilahi za kulinganisha mifumo hazikuwa na dharura. Mchezaji ni mtumiaji wa aina nyingine. Ananunua mashine kwa fedha zake, anaifungua, anaongeza kumbukumbu, anabadilisha kadi ya michoro, na anachagua mfumo endeshi mwenyewe. Lugha iliyoandaliwa kwa ajili ya karani inapoombwa imhudumie huyu, pengo linaonekana.

3.0 Istilahi Nne na Utata Wake

3.1 Usambazaji

Neno hili ni nomino ya kitendo. Katika matumizi ya kila siku huambatana na kinachosambazwa: usambazaji wa maji, usambazaji wa mbolea, usambazaji wa umeme. Msomaji anayekutana na "usambazaji wa Linux" kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kwamba kinachozungumziwa ni njia ya kuifikisha Linux mahali fulani. Kumbe kinachorejelewa ni kitu: kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, pamoja na viendeshi, programu, utaratibu wa kusasisha na watu wanaovitunza.

Tatizo la pili ni la kisarufi. Nomino za aina hii katika ngeli ya U hazina wingi wa kawaida. Mtu hawezi kusema kwa ulaini "usambazaji tatu". Neno ambalo halihesabiki haliwezi kuwa chombo kizuri cha kuchagulia, kwa sababu kuchagua ni kuweka vitu viwili au zaidi mbele ya macho. "Toleo" linahesabika, lakini limekwisha kutwaliwa na dhana ya nambari ya awamu, kama katika toleo la 24.04 la Ubuntu. Neno "mkusanyo" lina faida mbili: lina wingi, "mikusanyo", na linaeleza kile ambacho kitu chenyewe kimefanya, yaani kukusanya. Kuanzia hapa makala inatumia neno hilo, ili ubora au udhaifu wake uonekane katika matumizi.

3.2 Kifurushi

Katika Linux, kifurushi ni programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa. Nchini Tanzania, kifurushi ni kiasi cha intaneti kinachonunuliwa kwa simu. Anayesoma maelekezo ya "kusasisha vifurushi" anaweza kudhani anatakiwa kununua salio. Mhakiki wa haraka angeliita hili kosa la uchaguzi wa istilahi. Likitazamwa kwa makini, utata huu unasema ukweli ambao maandishi mengi ya ushauri yanaunyamazia: kila kifurushi cha programu kinakula kifurushi cha intaneti. Faili ya kusakinishia Ubuntu 24.04 ina takribani GB 6. Ya Linux Mint 22, takribani GB 3. Mkusanyo unaosasishwa mfululizo, kama Arch, hupokea matoleo mapya ya programu mara kwa mara, na usiposasishwa kwa muda mrefu usasishaji unaofuata huwa mkubwa na wenye hatari zaidi ya kukwama. Mkusanyo tulivu kama Debian hupokea zaidi masahihisho ya usalama na ya hitilafu. Kwa anayeishi Karatu mjini tofauti hii inaweza kuwa ya shilingi tu. Kwa anayeishi mbali na mnara wa simu, inaweza kuamua kama mashine itasasishwa au haitasasishwa kabisa.

3.3 Hifadhi

Katika kompyuta, kuhifadhi ni kutunza kazi isipotee. Katika Ngorongoro, hifadhi ni eneo lililowekwa chini ya mamlaka mwaka 1959 kwa utaratibu wa matumizi mseto, ambamo wafugaji, mifugo na wanyamapori walikusudiwa kuishi pamoja. Mjadala kuhusu utaratibu huo haujakoma, na kiini chake ni swali moja: nani anaruhusiwa kugusa nini, na kwa idhini ya nani?

Swali hilohilo limeingia katika mikusanyo ya michezo. SteamOS, inayoendesha kifaa cha Steam Deck kilichotolewa mwaka 2022, na Bazzite, iliyojengwa juu ya Fedora, huweka sehemu kuu ya mfumo katika hali ya kusomwa tu. Usasishaji hubadilisha mfumo mzima kwa mkupuo, na ukishindikana mtumiaji hurudi katika hali ya awali. Faida yake ni kubwa mahali ambapo umeme unaweza kukatika katikati ya usasishaji. Hasara yake ni kwamba fundi aliyezoea kuingia ndani ya mfumo na kurekebisha faili anakuta mlango umefungwa, au anatakiwa kujifunza njia mpya ya kuingilia. Kwa hiyo neno "hifadhi" lingeweza kuwa istilahi bora ya aina hii ya mifumo, kwa sababu msomaji wa Ngorongoro angeelewa mara moja kwamba ulinzi na kizuizi huja pamoja.

3.4 Michezo

"Kompyuta ya michezo" nayo haiko wazi. Karatu ni mahali alikozaliwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974. Katika eneo hilo, michezo kwanza ni riadha na kandanda. Neno "gemu", ambalo vijana hulitumia bila kigugumizi, linatofautisha vizuri zaidi, na hakuna sababu ya kulikataa kwa kuwa tu ni la mkopo. "Shule" na "baiskeli" nayo yalikuja kwa njia hiyo.

4.0 Uhakiki wa Hoja ya Kasi

Ushauri uliozoeleka huilinganisha mikusanyo kwa kasi ya gemu. Hoja hiyo ni dhaifu. Gemu nyingi zinazochezwa kwenye Linux zimeandikwa kwa ajili ya Windows, nazo huendeshwa kupitia Proton, ambayo Valve iliitoa Agosti 2018 kwa kujenga juu ya Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Proton ileile hupatikana katika Debian, Mint, Fedora na Arch. Viendeshi vya michoro vya AMD na Intel hutoka katika chanzo kimoja cha programu huria. Kwa hiyo tofauti ya kasi kati ya mikusanyo miwili iliyosasishwa kwa kiwango kimoja kwa kawaida ni ndogo. Kinachotofautiana ni umri wa viendeshi, namna ya kusasisha, na urahisi wa kupata msaada.

Umri wa viendeshi una maana pale tu kadi ya michoro inapokuwa mpya. Kadi iliyotoka mwaka huu inahitaji kiini kipya, na hapo Fedora au Arch ina hoja ya haki. Lakini kompyuta ya mtumba yenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha 6 au cha 7 imekwisha kufahamika kwa viendeshi tulivu vya miaka kadhaa. Vizazi hivi viwili ndivyo moyo wa suala hili: kwa sehemu kubwa vimekataliwa na Windows 11, ilhali michoro yake inakidhi kiwango cha Vulkan 1.3 kinachodaiwa na DXVK 2.0, programu inayofasiri michoro ya Windows ndani ya Proton. Kizazi cha 4 na vilivyokitangulia havikidhi kiwango hicho kikamilifu. Mwenye mashine hiyo hasaidiwi na mkusanyo wowote kufikia gemu mpya, isipokuwa aongeze kadi ya michoro. Bila hiyo, atafaidika na gemu za zamani au gemu huria kama SuperTuxKart na 0 A.D.

Inafuata kwamba kwa mashine ya aina hiyo, Mint au Debian ni chaguo lenye hoja nzito kuliko mikusanyo inayojitangaza kwa jina la michezo. Gharama ya kusasisha ni ndogo, na faili ya kusakinishia inaweza kubebwa kwa flashi kutoka Karatu hadi Endulen.

5.0 Mpaka wa Uchaguzi

Kuna mpaka ambao hakuna mkusanyo unaouvuka. Gemu kadhaa za mtandaoni hutumia programu za kuzuia udanganyifu zinazofanya kazi ndani kabisa ya Windows, nazo hukataa Linux. Valorant ni mfano. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, kisha ikafungiwa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. Gemu za kandanda za EA zimekuwa na kizuizi cha namna hiyo tangu FIFA 23. Mahali ambapo kandanda ndiyo gemu ya kwanza kuulizwa, kumshauri kijana aondoe Windows bila kumwambia hili ni kumdanganya, hata kama kila sentensi nyingine ya ushauri ni sahihi. Uamuzi wa kufunga mlango huo uko kwa mmiliki wa gemu, na hakuna ustadi wa fundi utakaoubadili.

Yawezekana kupinga kwamba mijadala hii yote hufanyika kwa Kiingereza, na kwamba mchezaji wa Karatu atajifunza huko. Pingamizi hili linathibitisha tatizo badala ya kulitatua. Anayejifunza jina la kitu kwa Kiingereza bila kupata maelezo ya masharti yake huishia kuchagua kwa kuiga. Maelezo ya masharti, yaani gharama, mamlaka na mpaka, ndiyo yanayohitaji lugha ambayo mtu anaitumia kununua, kubishana na kukubaliana bei. Katika Karatu, ambako majirani hawana lugha moja ya nyumbani, kwa wengi lugha hiyo ni Kiswahili.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba udhaifu wa istilahi za Linux kwa Kiswahili hautokani na uchache wa maneno. Unatokana na picha ya mtumiaji ambaye maneno hayo yalitengenezwa kwa ajili yake. Mradi wa Kilinux ulimpa karani lugha ya kutenda. Mchezaji bado anahitaji lugha ya kuchagua. "Mkusanyo" badala ya "usambazaji", "gemu" pale "michezo" inapotatiza, na matumizi ya makusudi ya utata wa "kifurushi" na "hifadhi" ni mapendekezo yanayoweza kujadiliwa na kukataliwa kwa hoja. Kigezo cha kuyapima kiwe kimoja: je, mwenye kompyuta ya kizazi cha 6, kifurushi kidogo na hamu ya kucheza kandanda, akisoma maelezo hayo, atajua kabla ya kufuta Windows yake ni nini atakachokipata na ni nini atakachokipoteza?