Tuzo na Matini: Hadhira Ndogo katika Taarab ya Mwambao

Uhakiki wa taarab umeelemea mno upande wa maneno. Wimbo hunakiliwa kutoka kwenye kaseti, ukapangwa beti kwa beti, vina na mizani vikahesabiwa, kisha mafumbo yakafumbuliwa kana kwamba mtunzi aliyakusudia yasomwe maktabani. Mkabala huu una faida yake, kwa kuwa nyimbo nyingi za Mombasa na Lamu ni mashairi kamili yanayozingatia arudhi. Hata hivyo, unasahau kwamba wimbo wa arusini ulitimia uani au kichochoroni, mbele ya watu waliojuana kwa majina na kwa ukoo, na kwamba watu hao waliushiriki kwa fedha zao.

Desturi ya kutunza ndiyo ithibati. Msikilizaji anapoguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa mwendo wa madaha huku noti ameinyanyua juu, pengine akapita makusudi mbele ya mtu fulani kabla ya kumfikia mwimbaji. Fumbo ambalo mtunzi aliliacha wazi hupata mlengwa pale pale. Ubeti mmoja waweza kutunzwa na mke anayemsimanga mke mwenziwe, na baada yake na mama anayemshukuru mwanawe; maneno hayakubadilika, lakini maana zimekuwa mbili. Tena mwimbaji aliyetunzwa aghalabu huurudia ubeti uliompa tuzo. Kwa hiyo takriri, ambayo mhakiki huihesabu kuwa mbinu ya mtunzi, mara nyingine ni kazi ya hadhira. Ni vigumu kuona jinsi uchambuzi wa fani unavyoweza kuwa kamili bila ya jambo hili kutajwa.

Historia ya Siti binti Saad inaonyesha uzito wa kikao kidogo. Taarab ya Unguja ilipata umaarufu katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyekulia katika ufukara, aliiimba kwa Kiswahili pamoja na wenzake kama Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Lakini wimbo wake mashuhuri, ‘Kijiti’, unaohusu mauaji ya mwanamke na hukumu iliyowaangukia wasioua, haumweleshi msikilizaji asiyeijua kesi yenyewe. Wasikilizaji wa mwanzo waliijua. Walikuwa wakiijadili mitaani. Upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulibeba takriban dakika tatu tu, na katika dakika hizo hapakuwa na nafasi ya mtu kuinuka.

Santuri ilipunguza urefu. Kaseti ilipunguza riziki. Katika miaka ya 1970 na 1980 sherehe za Mombasa zilinaswa kwenye kanda, kanda zikatolewa nakala madukani, na kila nakala ilimpita aliyeimba. Tuzo la uani, hata likiwa dogo, lilitoka mkononi mwa msikilizaji likaingia mkononi mwa msanii bila ya wakala. Ndilo lililomwezesha asiyefungwa na kampuni wala chama cha siasa kuendelea kuimba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi na mwimbaji pia, ila sheria hudai kumbukumbu, na kikao cha uani hakiandikwi popote.

Haifai lakini kuipamba desturi hii kupita kiasi. Tuzo humwendea anayeonekana. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, jamaa yake, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971. Hapa mtunzi anajulikana kwa sababu kitabu kipo. Watunzi wengi wasio na diwani waliachwa nje ya mzunguko wa noti, na majina yao yakapotea kwenye kaseti zilizobandikwa jina la mwimbaji pekee. Isitoshe, mwimbaji anayetegemea tuzo hujifunza upesi ni mgeni gani mwenye mkoba mzito, na beti za kumsifu huongezeka. (Wanaodai kwamba sifa za namna hii zilizuka na mipasho ya Dar es Salaam katika miaka ya 1990 hawajasikiliza kanda za kale kwa makini.)

Mhakiki naye ni mshiriki katika uchumi huu, jambo ambalo tasnifu nyingi hazilitaji. Mtafiti huingia uani na kinasa sauti, akakaa nyuma, asimtunze yeyote kwa kuogopa kuathiri data yake, kisha akatoka na nyimbo kumi zinazompatia shahada. Kutotunza katika kikao cha watu hamsini si kutoegemea upande wowote. Waliopo huona, na wana neno lao kwa mtu wa aina hiyo. Matini anayoiandika ingekuwa ya kuaminika zaidi iwapo ingeonyesha jina la aliyetunga, ubeti upi ulirudiwa mara ngapi, nani aliinuka, na noti yake ilipita mbele ya nani.