Lithiamu Ipi? Juu ya Lugha ya Betri za Kuunda Nyumbani

Istilahi mbovu nyingi hazimdhuru mtu. Mwanafunzi huzikariri, mwalimu huzisahihisha, na mambo huendelea. Lakini zipo chache ambazo ubovu wake huweza kugeuka moto ndani ya nyumba ya mwananchi, na kwa maoni yetu miongoni mwa hizo ni maneno yanayotumiwa leo kuelezea betri za lithiamu. Katika makala haya tungependa kuyachambua maneno hayo, tukimfikiria zaidi mtu anayeyahitaji kuliko sisi sote, yaani fundi anayekusanya seli moja moja na kujiundia betri ndogo ya taa, redio na simu.

Fundi huyo yuko kila mahali nchini, ila tumchukue wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Mkoa huo ni wa pamba na mifugo, wenye kaya nyingi zilizo mbali na nguzo za umeme na jua lisilo na uhaba. Kwa muda mrefu anayetaka taa ya sola alinunua ama betri ya maji ama betri kavu. Tunaomba msomaji ayaangalie vizuri majina haya mawili. Hayakutungwa na kamati yoyote. Wenye betri ndio waliogawa vitu kwa kilichomo ndani, na mgawo wao unatosha kumwambia mtu kama anapaswa kuongeza maji au la. Sasa imekuja betri ya tatu, nyepesi na yenye kudumu, nayo imepewa jina moja tu: betri ya lithiamu.

Tatizo ni kwamba kitu chenyewe si kimoja. Katika seli zinazomfikia fundi wa kawaida zipo jamii mbili kubwa. Ya kwanza ni ile inayopatikana katika kompyuta za mkononi zilizochakaa, ambayo ndani yake, pamoja na lithiamu, mna kobalti, mara nyingi ikichanganywa na nikeli. Seli yake hukaa kwenye volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika volti 4.2, wala haipasi kupita hapo. Jamii ya pili ina chuma na fosfeti. Hukaa kwenye volti 3.2 na hujaa kwenye 3.6 hivi. Jambo la ajabu ni kwamba mtaalamu mmoja, John Goodenough, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, anahusika na asili ya zote mbili: ya kobalti akiwa Oxford mwaka 1980, ya fosfeti akiwa Texas katika miaka ya 1990. Baba ni mmoja, lakini watoto hawafanani tabia.

Hebu sasa tumpe fundi wetu karatasi ya maelekezo isemayo: "Kifaa hiki kinafaa kwa betri ya lithiamu ya volti 12." Anazo seli za kompyuta. Anaunga tatu kwa mfuatano, anapata volti 11 na ushei, anaridhika. Kidhibiti chake cha sola, kilichotengenezwa kwa ajili ya betri ya maji, hupandisha umeme hadi volti 14.4. Gawanya kwa seli tatu: kila moja inalazimishwa kufika volti 4.8. Kama ameweka kile kibao cha kinga ambacho mafundi hukiita BMS, kibao kitakata umeme. Kama hakukiweka, seli itachemka, na seli ya kobalti iliyochemka mno huweza kulipuka na kuwaka. Lakini kama angekuwa na seli nne za fosfeti, 14.4 ingegawanyika kuwa 3.6 kamili, na hata hivyo kibao cha kinga kingebaki kuwa cha lazima. Sentensi ile ya maelekezo haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kutumia jina moja kwa vitu viwili, na mfasiri hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ndivyo alivyokuta katika lugha ya asili.

Tunapendekeza basi iandikwe "seli ya lithiamu-kobalti" na "seli ya lithiamu-fosfeti". Wapo watakaopenda "lithiamu ya chuma" kwa hii ya pili, kwa kuwa chuma ni neno letu la siku nyingi. Sisi hatukubaliani nao. Seli za mviringo za jamii zote mbili huwa na ganda la chuma, na atakayeambiwa achague "ya chuma" atagonga ganda kwa kucha na kuchagua yoyote. Fosfeti, kwa upande wake, si neno geni kwa mkulima: amelisikia katika mbolea, na mwamba wake unachimbwa hapa hapa nchini, Minjingu. Kama iandikwe lithi au lithiamu ni ubishi ambao hatutaupa nafasi. Waliozoea sodiamu na potasiamu hawatashangazwa na lithiamu.

Neno betri lenyewe linabeba mzigo usiolistahili. Kwa asili yake betri ni mkusanyiko wa seli, lakini kwa Kiswahili cha dukani hata kile kijiti kimoja cha tochi, ambacho wengine hukiita jiwe, ni betri. Katika tochi hakuna hasara. Katika betri ya kuundwa hasara ipo, maana agizo la "usichanganye betri za zamani na mpya" litamfanya fundi aogope kuweka betri mbili nzima pamoja, huku akichanganya seli chakavu na mpya ndani ya betri moja, jambo ambalo agizo lilikusudia kulizuia. Seli zilizoungwa kwa mfuatano hupitisha mkondo ule ule. Ile dhaifu hutangulia kwisha, na wakati wa kuchaji hutangulia kujaa. Neno seli limo katika biolojia, tunajua, lakini hatujamwona mtu aliyechanganya hizo mbili.

Linalotusumbua zaidi ni "nguvu". Muuzaji akisema seli hii ina nguvu, amesema nini? Zipo seli za umbo lile lile, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, ambazo moja huweka saa-ampea 3.5 lakini hutoa mkondo wa wastani tu, na nyingine huweka 2.5 lakini hutoa ampea 20 bila kuchoka. Ya kwanza inafaa taa, ya pili inafaa kekee. Wengine huita kiasi hicho cha umeme ujazo, lakini ujazo shuleni ni nafasi inayochukuliwa na kitu, na hapa seli zote mbili zimechukua nafasi sawa. Sisi twaona "akiba" ingefaa: hutumika kwa nafaka ghalani na fedha benki, na hueleweka bila kufundishwa. Tukisema seli ya akiba 2.5 kwa volti 3.6 ina saa-wati 9, hata mnunuzi wa LUKU ataweza kukadiria kwamba uniti moja ni seli zaidi ya 110 kama hiyo. Tena atajua kuwa lebo ya milisaa-ampea 9,900 kwenye seli ya umbo hilo ni uongo, kwani zilizo bora hazipiti 4,000.

Limebaki neno "kufa". Betri imekufa, tunasema, iwe imeishiwa chaji tangu jana usiku au imeharibika kabisa. Na kilichokufa, mafundi wetu hukifufua. Betri ya maji huweza kufufuliwa kwa maji na kuchajiwa polepole. Lakini seli ya lithiamu iliyoachwa ikashuka chini ya volti 2 huweza kuwa na shaba iliyoyeyuka ndani yake, ambayo wakati wa kuchaji hujenga njia ya mkato kati ya pande mbili. Kwa hiyo anayefasiri maelekezo ya seli hizi na asitumie "kufa" wala "kufufua". Aandike "imeishiwa chaji" kwa ile inayopaswa kuchajiwa, na "imeharibika, itengwe" kwa ile ambayo kipimo kinaonyesha chini ya volti 2.