Sifa za Upepo wa Kisiagi

Katika masoko ya Nkubu, Runyenjes na Siakago, kisiagi, mashine ya kusaga nafaka, hukisikia kabla hujakiona. Wengi huzisifu nyundo zake, vile vyuma bapa vinavyozunguka na kuyavunja mahindi. Mimi nausifu upepo, pamoja na fundi anayejua kuulisha.

Nyundo hupiga punje mpaka zipenye matundu ya chekeche. Hapo feni huupokea unga na kuupandisha kwenye bomba la bati, juu ya vichwa vya watu, bila ndoo wala mkanda. Chembe ya unga ni nyepesi, lakini ina uzito wake. Hewa ikizubaa, chembe inarudi chini. Kupandisha unga namna hii huhitaji hewa ya kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde.

Kule juu kuna saikloni, chombo cha bati chenye umbo la pia. Hewa huingia ubavuni na kuzunguka. Unga hurushwa ukutani, huishiwa kasi, kisha huteleza hadi kwenye mfuko uliofungwa mdomoni. Hewa hutokea juu, katikati. Ndani ya saikloni hakuna kinachozunguka ila hewa na unga wenyewe.

Ustadi wa fundi uko kwenye kibao kidogo kinachofungua na kufunga njia ya mahindi. Akikivuta sana, mota hulalama kwa sauti nzito, upepo hulemewa na bomba huziba. Kwa hiyo hufuata ule usemi wa kibaba: haba na haba. Wimbi la uji likiletwa, hubadilisha chekeche, maana punje zake ndogo zingepita nzima kwenye matundu ya mahindi.

Kabla ya hayo yote huuma punje moja. Ikivunjika kwa mlio mkavu, anawasha mashine. Ikibonyea, husema, “Mama, haya yaanike tena.” Kiwango kinachokubalika cha unyevu kwa mahindi makavu ni asilimia 13.5, yakizidi sana hapo, unga hushikana na kuta za bomba.

Foleni ikiwa ndefu, kumwaga debe zima kwa mkupuo ni kishawishi kikubwa. Yeye hutega sikio kwa mota na kuacha mkono kwenye kibao. Mteja hulipia gorogoro zake za mahindi. Subira hiyo huipata bure.