Mpira, Spika na Maji Yanayopanda

Mpira wa maji umefungwa kwa utepe kwenye spika kubwa ya besi. Ncha yake inaning'inia sentimita chache chini ya spika, na ubavu wake unagusa ile koni inayotikisika. Bomba linafunguliwa, sauti ya hezi 24 inawashwa, na kamera inayonasa picha 24 kila sekunde inaanza kurekodi. Kwenye video maji yanatoka yakipinda kulia na kushoto kama nyoka apitaye mchangani, kisha yanatulia hivyohivyo hewani. Hayaanguki. Fundi anapunguza sauti hadi hezi 23, na maji yanaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye mpira yalikotoka.

Kazi hii iliwekwa YouTube mwaka 2013 na msanii anayejiita Brusspup, na wengi waliiga baada yake. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara napenda zaidi jinsi ilivyo na vitu vichache: mpira, utepe, spika, kamera. Uzuri wote uko kwenye kupatanisha saa mbili.

Saa ya kwanza ni spika. Inausukuma mpira huku na huku mara 24 kwa sekunde, na maji yanayotoka kila nukta yanatupwa upande ambao mpira umeelekea wakati huo. Yakishaachana na mpira, hakuna kinachoyapinda tena. Kila tone linafuata njia yake hadi chini, bila kuyumba. Hapa pananivutia kuliko mahali pengine popote. Ule mpindo tunaouona, hakuna tone hata moja linaloupita. Umetokana na matone yaliyofuatana, kila moja likiwa na mwelekeo uliotofautiana kidogo na wa lililolitangulia.

Saa ya pili ni kamera. Kati ya picha moja na inayofuata, mpindo mmoja unashuka mpaka pale ulipokuwa mwenzake wa mbele, na mpya unachukua nafasi yake. Maji yamebadilika, umbo ni lilelile. Kamera ikinasa kwa mwendo huohuo, tunaona umbo lisilosogea. Sauti ikiwa hezi 23, mpindo unakuwa haujamaliza hatua yake picha inaponaswa, unapungukiwa kidogo kila mara, na jicho linasoma upungufu huo kuwa ni kurudi juu. Kwa hezi 25 unazidisha kidogo, na maji yanaonekana yakishuka kwa mwendo wa pole ambao maji halisi hayana.

Kwa hiyo video hii inadanganya kuhusu mwendo tu. Kuhusu umbo inasema kweli tupu. Ule mchirizi uliojipinda upo, ndivyo ulivyo hasa katika nukta ile, ila aliyesimama kando ya spika anaona ukungu wa maji unaotetemeka. Mwenye subira anaweza hata kuusoma. Tuseme maji yanatoka kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde: karibu na mpira, umbali kati ya mpindo na mpindo ni kama sentimita 4. Sentimita 30 chini yake, mvutano wa dunia umeshayaongezea kasi, na umbali huo umefika kama sentimita 11. Mipindo inayoachana kadiri inavyoshuka ni sheria ya kuanguka, imechorwa kwa maji.

Ufundi wenyewe huanza pale hesabu inapokutana na vifaa. Spika ndogo haifai, kwa kuwa hezi 24 iko karibu na ukingo wa chini wa usikivu wa binadamu na spika nyingi haziwezi kuisukuma. Sauti ikizidi nguvu, mchirizi unachanika vipandevipande. Ikipungua sana, unanyooka. Halafu kuna shata ya kamera. Ikibaki wazi kwa sehemu ya 48 ya sekunde, kama ilivyozoeleka kwenye filamu, maji yanayoshuka kwa mita 2 kwa sekunde yanasogea zaidi ya sentimita 4 kabla haijafunga, na umbo lote linafutika. Kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde yanasogea milimita 2 tu, na picha inatoka kali. Lakini shata ya haraka hivyo inataka mwanga mwingi, na taa nyingi za umeme wa nyumbani hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, zikaacha mistari ya giza kwenye picha. Jua la nje linamaliza tatizo hilo.

Elimu hii ina wazee wake. Mwaka 1833 Félix Savart wa Ufaransa aliandika jinsi mchirizi wa maji unavyoitikia sauti ya muziki. Mwaka uliotangulia, Joseph Plateau wa Ubelgiji alikuwa ametengeneza diski yenye matundu iliyofanya picha zilizochorwa zionekane zikitembea. Plateau alipofuka katika miaka ya 1840, na bado aliendelea kuchunguza maumbo ya maji na mapovu kwa msaada wa macho ya wenzake, hata akachapisha kitabu kikubwa mwaka 1873. Kisha akaja Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, aliyeunda chombo cha matone yanayoanguka chini ya taa inayomulika kwa vipindi. Hakuhitaji kamera. Aliyesimama mbele ya chombo hicho aliona kwa macho yake matone yakining'inia na kupanda.

Kwa kamera, kuna jambo moja ambalo vipimo vilivyoandikwa kwenye kifaa havikuambii. Kamera nyingi zilizowekwa kwenye 24 kwa kweli hunasa picha 23.976 kwa sekunde. Ukipiga sauti ya hezi 24 kamili, maji hayatulii. Yanateremka mpindo mmoja kila sekunde 42 hivi, polepole kiasi kwamba asiye makini hatagundua. Fundi anagundua, anashusha sauti hadi 23.976, na mchirizi unashika mahali pake. Tofauti ya sehemu 24 za elfu za hezi, imeonekana kwa macho kwenye maji ya bomba! Mwenye kamera ya picha 25 kwa sekunde naye hana haja ya kubadilisha chochote ila namba: 25 husimamisha, 24 hupandisha, 26 hushusha.