Milimita 15 za Zege

Kyubu ya zege huvunjwa maabara ikiwa na umri wa siku 28. Matokeo yake yanaeleza mzigo ambao zege hilo linaweza kuubeba, lakini nondo zitakuwa na hali gani baada ya miaka 40 hayasemi. Kwa mji kama Ntimaru, huko Kuria nchini Kenya, ambako darasa likishajengwa halitarajiwi kubomolewa upesi, swali hilo la nondo ndilo linalonihangaisha.

Watafiti wa mwanzo walilijibu swali la umri kwa kusubiri. Isami Hiroi, mhandisi wa kizuizi cha mawimbi cha bandari ya Otaru, Japani, kilichokamilika 1908, alitengeneza vipande vya mota vipatavyo 60,000 ili waliomfuata waendelee kuvipima kwa karne nzima. Alichanganya pia majivu ya volkano kwenye saruji, na hesabu yake kwa maji ya bahari ilikuwa sahihi.

Ntimaru haina chumvi ya bahari. Huku adui ni kaboni dioksidi ya hewani. Zege changa lina pH ya 12.5 hadi 13, na ualkali huo huivalisha nondo utando unaozuia kutu. Kaboni dioksidi ikipenya kwenye vitundu vya zege, pH hushuka chini ya 9 na utando hutoweka. Mvua ikishaleta unyevu, kutu huanza, nayo hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokula. Ndiyo maana nyufa hufuata mstari wa nondo.

Kipimo chake ni rahisi ajabu. Unabandua kipande cha zege, unanyunyizia fenoftalini palipobanduliwa upya: sehemu ambayo bado ni salama hugeuka waridi iliyokolea, iliyoathirika hubaki kijivu. Kina cha kijivu hukua kwa kipeuo cha pili cha miaka. Tuseme mwaka wa nne kimefika milimita 10. Mwaka wa 16 kitafika 20, mwaka wa 36 kitafika 30. Kwa hiyo nondo iliyofunikwa kwa milimita 15 itafikiwa mwaka wa tisa, na ya milimita 30 mwaka wa 36. Milimita 15 za zege zimenunua miaka 27! Sijui uwekezaji mwingine wa ujenzi wenye faida kama huo, na unahitaji tu vipande vidogo vya mota vya kuinulia nondo zisilale kwenye mbao.

Kasi yenyewe huamuliwa na maji. Mchanganyiko uliozidishiwa maji huacha vitundu vingi. Saruji ya pozolana, yaani yenye majivu ya volkano, ya daraja la 32.5, inayouzwa sana Kenya, hukomaa polepole. Isipomwagiliwa angalau siku saba, na 14 ni bora, ngozi yake hubaki na vitundu vingi, na hewa hupita kwa urahisi. Majivu yaliyomfaa Hiroi baharini hudai subira zaidi nchi kavu.

Maabara huharakisha jaribio kwa hewa yenye kaboni dioksidi 3%, dhidi ya takriban 0.04% ya kawaida. Hata hivyo ningeanzia kwenye majengo ya umma ya Ntimaru ambayo mwaka wa ujenzi umeandikwa: ya miaka 10, 20 na 30, tundu moja upande unaopigwa na mvua na jingine upande uliokingwa, kisha tujue kasi ya Kuria yenyewe badala ya kuazima ya Ulaya.